Faharasa, Buibui na Jina la Mji: Historia Fupi ya Namna Maandishi ya Kiswahili Yanavyopatikana, kwa Mfano wa Ankoro na Katanga

1.0 Utangulizi

Imezoeleka miongoni mwa wataalamu wa fasihi na historia kuuliza nani aliandika, aliandika lini, na kwa lahaja gani. Ni nadra kuuliza swali jingine ambalo kwa kweli hutangulia hayo yote: je, maandishi hayo yalipatikanaje? Andiko lisilopatikana halisomwi, na lisilosomwa halijadiliwi wala kufundishwa. Hata liwe bora namna gani, kwa taaluma ni kana kwamba halikuandikwa.

Swali hili limepata uzito mpya tangu maandishi yalipoanza kuwekwa katika intaneti. Wengi walidhani kwamba mlango umefunguliwa kwa wote, na kwamba mwandishi wa Kalemie au Manono akishaweka ukurasa wake katika blogu, dunia nzima itausoma. Waliojaribu wamegundua kwamba sivyo. Kuchapisha ukurasa ni jambo moja; kuingizwa katika faharasa ya mtambo wa kutafutia ni jambo la pili; na kuonekana mbele ya msomaji ni jambo la tatu. Kati ya hatua hizo kuna vizingiti, na makala hii inakusudia kuonyesha kwamba vizingiti hivyo si vipya. Vilikuwapo katika orodha za maktaba na katika bibliografia za wataalamu, na historia ya maandishi ya Kiswahili ya Katanga inavidhihirisha vizuri kuliko historia ya pwani.

Mfano wetu wa mahali ni Ankoro, mji ulioko pale mto Luvua unapoingia mto Lualaba, katika eneo la Manono, mkoa wa Tanganyika ambao makao yake makuu ni Kalemie, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wenyeji wengi wa huko ni Waluba, na Kiluba ndiyo lugha ya nyumbani. Kiswahili ni lugha ya soko, ya safari za mtoni kati ya Bukama na Kabalo, na ya kukutania na wageni. Hatukuuchagua mji huu kwa kuwa una maktaba kubwa au kiwanda cha uchapaji. Tumeuchagua kwa sababu ni mji wa kawaida, na kanuni za faharasa huwaumiza kwanza watu wa miji ya kawaida.

2.0 Neno faharasa na kazi yake

Neno faharasa, au fahirisi kama wasemavyo wengine, limetufikia kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kilililipokea kutoka Kiajemi. Katika ustaarabu wa Kiislamu neno hili linakumbusha kitabu mashuhuri cha Ibn al-Nadim wa Baghdad, Fihrist, kilichokusanywa mwaka 987. Ibn al-Nadim alikuwa mtu wa biashara ya vitabu. Aliorodhesha vitabu vya Kiarabu alivyoviona au kupata habari zake, akavipanga kwa fani na kutaja waandishi wao. Vingi kati ya vitabu hivyo vimepotea, na leo twajua kwamba viliwahi kuwapo kwa sababu tu vimo katika orodha yake.

Hapa tayari tunaona mambo mawili ya msingi. Kwanza, faharasa yaweza kudumu kuliko kitabu chenyewe. Pili, mwenye kuorodhesha huorodhesha kile kilichopita mbele yake, au kile alichohadithiwa na mtu anayemwamini. Kitabu ambacho hakikupita dukani, wala hakikutajwa na mwanachuoni yeyote aliyejulikana Baghdad, hakikuwa na njia ya kuingia.

Aina ya pili ya faharasa ni ile ya maneno. Katika karne ya kumi na tatu watawa wa Kidominiko wa Paris, chini ya Hugh wa Saint-Cher, walitengeneza orodha ya maneno ya Biblia ya Kilatini, na penye kila neno wakaonyesha mahali linapotokea. Kwa kawaida kitabu humpeleka msomaji kutoka ukurasa hadi neno. Orodha hii iliigeuza njia hiyo, ikampeleka msomaji kutoka neno hadi ukurasa. Mitambo ya kutafutia ya leo hufanya kazi hiyohiyo. Mtu aandikapo neno, mtambo hauendi kusoma kurasa zote za dunia kwa wakati huo. Hufungua orodha iliyokwisha kuandaliwa, ambamo kila neno limeandikiwa kurasa zake, na kujibu kutoka humo. Kwa hiyo ukurasa ambao haukusomwa kabla na kuingizwa katika orodha hauwezi kujibu swali lolote, hata kama jibu sahihi limo ndani yake peke yake.

3.0 Kiswahili katika orodha za wataalamu

Kiswahili kimekuwa na bahati kuliko lugha nyingi za Afrika, kwani kimeorodheshwa mara nyingi. Mwaka 1965 Marcel van Spaandonck alitoa mjini Leiden bibliografia yake ya Kiswahili iliyohusu maandishi ya miaka 1850 hadi 1963, hasa ya isimu. Mwaka 1970 J. W. T. Allen alitoa orodha ya miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu pamoja na kanda zilizokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1993 Ernst Dammann alitoa kwa Kijerumani orodha ya miswada ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Afrika. Na mwaka 2003 Thomas Geider alichapisha katika jarida la Swahili Forum bibliografia pana ya fasihi, isimu, utamaduni na historia ya Waswahili.

Kazi hizi ni nguzo za taaluma yetu, na hatuna haja ya kuzipunguzia heshima. Hata hivyo, tukizisoma kwa jicho la mtu wa Kongo, tunaona mwelekeo. Miswada iliyokusanywa na Allen na wenzake ni ya pwani na visiwa: tenzi, mashairi, barua na khabari zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, zilizohifadhiwa na familia zenye kuthamini maandishi ya kale. Hilo ni haki kabisa kwa pwani. Lakini kwa kuwa ndipo watafiti walipotafuta, ndipo pia walipopata. Na kwa kuwa ndipo walipopata, ndipo waliofuata walipoendelea kutafuta. Kiswahili cha bara ya mbali, hasa kile cha Kongo, kiliingia katika orodha kwa mlango mwingine: kamusi ndogo na vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa na wageni kwa ajili ya wageni. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji, alivichambua vitabu vya namna hii na kuonyesha jinsi vilivyomfundisha bwana kutoa amri, na si kuzungumza na mwenzake.

Matokeo yake ni kwamba, katika orodha, Mkongo alionekana kwa muda mrefu kama mtu ambaye lugha yake inaelezwa, na si kama mwandishi anayeitumia. Kasoro hiyo haikutokana na nia mbaya ya mworodheshaji yeyote. Ilitokana na kanuni ileile ya Baghdad: huingia kile kilichopita mbele ya macho.

4.0 Jina la mahali

Faharasa hutegemea majina. Kwa pwani, jina la Lamu limedumu kuwa Lamu, na Mombasa, ingawa yaitwa pia Mvita, haijapotea. Katika Kongo mambo yalikuwa tofauti, na mtafiti wa Ankoro hana budi kuwa na subira.

Nchi yenyewe ilikuwa Dola Huru ya Kongo tangu 1885, Kongo ya Wabelgiji kuanzia 1908, Jamhuri baada ya uhuru wa 1960, Zaire kuanzia 1971, na Jamhuri ya Kidemokrasia tena kuanzia 1997. Mkoa ulikuwa Katanga. Sehemu yake ya kaskazini ikawa mkoa wa peke yake wa Kaskazini mwa Katanga kati ya 1962 na 1966. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jina la Katanga likaondolewa na kuwekwa Shaba. Mwaka 1997 likarudi Katanga. Na mwaka 2015 Katanga ikagawanywa, Tanganyika ikawa mkoa. Kalemie, iliyoanzishwa kama kituo cha kijeshi mwishoni mwa 1891, iliitwa Albertville hadi 1966. Mwaka huohuo Elisabethville iliitwa Lubumbashi. Moba, kusini mwa Kalemie, ilikuwa Baudouinville.

Mtu atafutaye habari za Ankoro ya mwaka 1920 hana budi kupita kwenye Albertville. Atafutaye za 1963, kwenye Kaskazini mwa Katanga. Atafutaye za 1980, kwenye Zaire na Shaba. Na atafutaye za leo, kwenye Tanganyika. Tena akiandika Tanganyika peke yake, atapelekwa kwanza kwenye ziwa, au kwenye nchi iliyoungana na Zanzibar mwaka 1964. Mkutubi hodari hutatua shida hii kwa kuweka rejeo, yaani mstari unaosema: tazama pia jina fulani. Mtambo hauna hekima hiyo ila kwa kadiri watu walivyoandika majina yote mawili katika ukurasa mmoja. Pale ambapo hakuna aliyeandika kwamba Albertville ndiyo Kalemie, mtambo hauna njia ya kujua.

Ankoro yenyewe haikubadilishwa jina, lakini udogo wake unaihatarisha kwa namna nyingine. Mitambo ya siku hizi hujaribu kumsahihisha mtafutaji. Inapokutana na neno inaloliona mara chache, inaweza kudhani kwamba mtu amekosea, na kumpa kurasa za Ankole ya Uganda au za Ankara ya Uturuki. Huo ni msaada kwa aliyekosea, lakini kwa mwenyeji wa Ankoro ni kuambiwa kwamba mji wake ni kosa la tahajia.

5.0 Andiko lililongoja miaka ishirini na mitano

Mfano ulio wazi zaidi wa hoja yetu umetoka Lubumbashi. Mwaka 1965, mji ulipokuwa bado Elisabethville, André Yav alitunga kwa niaba ya wazee waliokuwa watumishi wa nyumbani historia ya mji wao. Aliiandika kwa Kiswahili cha mjini humo, kikapigwa taipu, na kikapewa jina la Kifaransa lenye maana ya Msamiati wa Mji wa Elisabethville. Ndani yake mna habari za kuanza kwa ukoloni, za kampuni ya madini ya Union Minière, za mabwana na watumishi wao. Ni historia ya mji iliyoelezwa na watu waliofagia vyumba vyake.

Andiko hili halikuwa siri. Lakini kwa kipimo cha faharasa, halikuwapo. Halikutolewa na mchapishaji ambaye vitabu vyake hufika maktabani. Hata kama lingefika, jina lake lingelipoteza: mpanga-vitabu asomaye jalada tu angeliweka penye kamusi, na mtafiti wa historia ya Katanga asingetazama huko. Tena lugha yake haikuwa Kiswahili sanifu, na maneno yake yalikatwa na kuunganishwa bila kanuni moja, hata msomaji wa kawaida wa Kiswahili hupata taabu kuyafuata kwa macho. Ilibidi lisomwe kwa sauti ili lieleweke. Fabian alipolihariri, Kalundi Mango, mzungumzaji wa lahaja hiyo, ndiye aliyelisoma kwa sauti, na usomaji huo ndio uliofungua maandishi. Kitabu chao kilitolewa mwaka 1990, pamoja na tafsiri na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

Kutoka 1965 hadi 1990 ni miaka ishirini na mitano. Katika miaka hiyo andiko halikubadilika hata herufi moja, na bado siku moja lilikuwa halijulikani na siku ya pili likawa miongoni mwa matini zinazotajwa sana katika historia ya Afrika ya Kati. Kilichobadilika ni kimoja: lilishikwa mkono na mtu aliyekuwa tayari ndani ya faharasa, mwenye chuo kikuu, mwenye mchapishaji, mwenye wasomaji wanaomtaja. Tutaona baadaye kwamba kanuni hiyo ndiyo iliyofanywa hesabu na mitambo.

Fabian na mwenzake Vincent de Rooij, wote wawili wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, waliendelea na kazi hii kwa njia ya intaneti. Walianzisha hazina ya matini za Kiswahili cha watu, ambamo ziliwekwa, pamoja na mengine, mazungumzo ya miaka ya 1973 na 1974 na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora historia ya nchi yake kwa mfululizo wa picha. Katika kitabu chake cha 2008 Fabian alitafakari jinsi hazina ya namna hii inavyobadilisha kazi ya mtafiti: matini sasa iko mbele ya msomaji, naye anaweza kumhukumu mfasiri. Huu ni ushindi wa kweli. Lakini tusisahau kwamba seva ilikuwa Amsterdam, na kwamba matini za Katanga zilipata makao kwa kupitia Ulaya.

6.0 Buibui na viungo

Sasa tuitazame historia ya mitambo yenyewe kwa ufupi. Mwaka 1993 Martijn Koster alitoa ALIWEB, ambayo ilimtaka kila mwenye tovuti aandike mwenyewe maelezo ya kurasa zake na kuyapeleka. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Stanford, walianza orodha iliyopangwa na watu kwa mada, ambayo iliitwa Yahoo. Mwaka huohuo Brian Pinkerton wa Chuo Kikuu cha Washington alitoa WebCrawler, iliyoingiza katika faharasa maneno yote ya ukurasa na si kichwa chake tu. AltaVista ilifuata Desemba 1995, nayo ilifungwa mwaka 2013. Larry Page na Sergey Brin walisajili kampuni ya Google mwaka 1998.

Katika njia hizi tunaona mapokeo mawili ya zamani yakirudi. ALIWEB na Yahoo ni warithi wa Ibn al-Nadim: mtu huorodhesha. WebCrawler na waliofuata ni warithi wa watawa wa Paris: maneno yote huorodheshwa, ila mfanyakazi ni programu. Programu hiyo wenyewe huifananisha na buibui. Hufungua ukurasa mmoja, hukusanya viungo vilivyomo, huvifuata hadi kurasa nyingine, nako huko hukusanya viungo vingine. Kinachofuata ni dhahiri: ukurasa ambao haukuelekezwa na kiungo chochote ni kama kijiji kisicho na njia. Buibui hatakifikia, kwa kuwa hana uzi wa kupitia.

Google iliongeza jambo la pili. Haikuishia kuhesabu maneno, bali ilipima pia uzito wa viungo: ukurasa unaotajwa na kurasa zinazotajwa na wengi huhesabiwa kuwa na heshima zaidi. Waasisi wake walilinganisha jambo hili na desturi ya wanataaluma ya kutajana katika makala. Hapa ndipo historia ya André Yav inapogeuka kuwa kanuni ya hesabu. Kutajwa na aliyekwisha kutajwa ndiyo njia ya kuingia, na asiye na wa kumtaja hungoja.

Mwaka 2005 Google ilileta utaratibu wa ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa ambayo mwenye tovuti huiweka mahali ambapo buibui ataiona, na mwaka 2006 kampuni nyingine kubwa zikaukubali. Huu kwa hakika ni wazo la ALIWEB lililorudi. Lakini ramani humwambia buibui kwamba ukurasa upo, haimlazimishi kuuingiza. Mtambo huweza kuusoma ukurasa na bado kuamua usihifadhiwe, kwa kuona kwamba unafanana mno na mwingine, au una habari chache mno.

Kwa Waswahili, wakati huo ndio blogu zilipoanza. Jikomboe ya Ndesanjo Macha, iliyoanza katikati ya muongo huo, hutajwa kuwa miongoni mwa blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili. Waandishi wa blogu walikuwa na desturi ya kuwekeana viungo pembeni mwa kurasa zao, mmoja akiwataja wenzake kama mshairi anavyowataja malenga wa zama zake. Desturi hiyo ilionekana kuwa adabu tu. Kumbe ilikuwa ni njia hasa iliyowaingiza wote katika faharasa. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ilisaidia majina ya mahali kwa njia nyingine: makala fupi ya mistari mitatu kuhusu mji mdogo huweza kuliingiza jina lake katika faharasa.

7.0 Tahajia na lahaja

Kizingiti kinachobaki ni lugha. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulikia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kwa hiyo huko Katanga watu waliendelea kuandika kwa sikio, na kwa mazoea ya Kifaransa waliyofundishwa shuleni. Alama ya sauti ya ch ikawa tsh. Chakula kikawa tshakula. Hapa ikawa apa. Mtu akawa mutu na watu wakawa batu. Viambishi vya kitenzi mara nyingine viliandikwa mbalimbali, kila kimoja peke yake.

Kwa mtafiti wa lahaja hizi ni hazina. Kwa mtambo ni fujo. Anayetafuta kwa tahajia sanifu hataipata kurasa yenye tahajia ya Lubumbashi, na mtambo unaojaribu kutambua lugha ya ukurasa waweza kushindwa kuamua kama ni Kiswahili. Jumuiya ya viwango imejaribu kusaidia: katika orodha ya ISO 639-3, iliyotolewa mwaka 2007, Kiswahili cha Kongo kilipewa alama yake, swc, mbali na swh ya Kiswahili cha pwani na cha usanifu. Alama hiyo ina manufaa maktabani. Katika mitambo ya kutafutia manufaa yake ni madogo, kwani kwa kawaida mitambo haisadiki tamko la mwandishi kuhusu lugha yake, bali huyapima maneno yenyewe kwa kuyalinganisha na maandishi iliyokwisha kuyaona. Na maandishi ya Kongo iliyokwisha kuyaona ni machache. Tumerudi palepale: kisichokuwamo hakiingii kwa sababu hakikuwamo.

8.0 Ankoro katika faharasa

Basi, mtu akiandika leo jina la Ankoro katika mtambo, anakutana na nini? Anakutana kwanza na ramani na vipimo vya mahali. Kisha anakutana na Novemba 2002.

Mwezi huo, wakati wa vita vilivyoigawa nchi, askari wa jeshi la serikali na wapiganaji wa Mai-Mai walipigana mjini Ankoro. Raia wengi waliuawa na maelfu ya nyumba yalichomwa moto. Tukio hilo lilichunguzwa, askari walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Katanga, na hukumu ilitolewa mwaka 2004. Mashirika ya haki za binadamu na Umoja wa Mataifa yaliandika ripoti. Wanasheria wanaosoma haki ya makosa ya kivita katika Kongo huitaja kesi ya Ankoro hadi leo.

Ni vema kwamba yaliandikwa, na hatusemi hata kidogo kwamba yafichwe. Waliokufa wana haki ya kuwamo katika faharasa. Lakini ripoti hizo ni za Kifaransa na Kiingereza, na zilitungwa kwa ajili ya majaji, mabalozi na wafadhili. Mwanamke aliyevuka Luvua kwa mtumbwi akikimbia moto hakusema kwa Kifaransa. Alisema kwa Kiluba, na akikutana na mgeni alisema kwa Kiswahili. Maneno yake yalipita katika tafsiri, yakawa aya katika waraka; na waraka, kwa kuwa una viungo vingi na umetajwa na wakubwa, ndio unaotangulia. Mjukuu wake akitaka kujua, kwa lugha ya bibi yake, mji ulikuwaje kabla ya Novemba ile, nani alikuwa na duka, mashua zilitia nanga wapi, sherehe zilifanywaje, hana hakika ya kukuta kitu.

Tena jambo hili halikomei katika utafutaji. Mitambo mipya inayotunga majibu yenyewe hulishwa kwa kiasi kikubwa na maandishi yaliyokusanywa na buibui wa namna hiihii. Mji uliomo katika faharasa kwa sababu ya msiba mmoja tu utaelezwa na mitambo hiyo kuwa ni mji wa msiba. Hivyo ndivyo upungufu wa orodha unavyogeuka kuwa sura ya mji.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuingia katika faharasa hakukuwahi kuwa jambo la kujitokea lenyewe. Kwa Ibn al-Nadim kulitegemea duka la vitabu. Kwa bibliografia za Kiswahili kulitegemea safari za watafiti. Kwa André Yav kulitegemea mhariri wa Ulaya na msomaji mmoja wa Katanga. Na kwa blogu kunategemea viungo. Kila zama ilikuwa na mlinzi wa mlango wake, na aliyejua desturi za mlinzi ndiye aliyepita.

Ikiwa ni hivyo, wajibu wetu sisi wa idara za Kiswahili hauwi kulalamika. Tuseme yupo mwalimu wa Ankoro aliyeandika kurasa kumi kuhusu mji wake na kuziweka katika blogu. Anahitaji mambo machache, nasi tunaweza kumsaidia katika yote. Kichwa cha kila ukurasa kitaje jambo lenyewe na mahali penyewe, kisije kikawa kama msamiati ule uliokuwa historia. Majina ya zamani na ya sasa yaandikwe pamoja, Albertville kando ya Kalemie, Shaba kando ya Katanga, ili mmoja amwelekeze mwenzake. Lahaja ibaki kama ilivyo, kwani kuisanifisha ni kuifuta. Ila penye kichwa au utangulizi pawe na maelezo mafupi kwa Kiswahili sanifu ili atafutaye kwa tahajia ile afike. Ramani ya tovuti iwekwe. Nakala ihifadhiwe katika maktaba, kwa kuwa mitambo hufungwa na kampuni hufa, kama AltaVista ilivyokufa.

Na juu ya yote, atajwe. Kila jarida la Kiswahili na kila tovuti ya idara inayoweka kiungo cha kweli kwa maandishi ya Ankoro, ya Kabalo au ya Moba, humpa buibui uzi wa kupitia. Kazi hiyo haihitaji fedha wala mtambo. Inahitaji tu kwamba waliokwisha kuingia ndani wakumbuke kwamba wao nao waliingia kwa kushikwa mkono.